Barua Isiyorudi

Mlinzi wa getini alimpigia Suyin simu ofisini muda mfupi kabla ya chakula cha mchana. Alisema kuna mama amekuja kutoka kijiji cha Sinpu, amebeba ndoo, hataki kuiacha getini wala hataki kusema ndani mna nini.

"Anasema ni wifi yako," mlinzi akaongeza, kwa sauti ya mtu aliyenusa jambo. "Nimruhusu, au niseme hupo?"

Suyin alibaki na simu sikioni. Ulikuwa umepita mwaka na ushee tangu amtie machoni Kiukmoi, dada wa mumewe, na muda wote huo alikuwa akijifunza maneno atakayomwambia siku wakikutana. Mengine aliyatunga akiosha vyombo, mengine akiwa peke yake kwenye lifti. Sasa hakulikumbuka hata moja.

"Mruhusu," alisema.

Chuo chenyewe kilikuwa kidogo, chuo cha kilimo cha pembezoni mwa mji, na Suyin ndiye aliyetunza seva yake ya barua pepe. Kila barua ya mwalimu, karani au mwanafunzi ilipita kwake kwanza. Mumewe, Jingtian, alifundisha mashine za shambani kwenye jengo la pili. Ndiyo kusema wote wawili walikula kwenye chungu kimoja, nyumbani na kazini.

Kiukmoi aliingia bila kuvua kofia yake ya kitambaa. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa matunda ya persimoni, kama vinavyokuwa kila mwaka upepo wa vuli unapoanza kuvuma na Sinpu nzima inamenya na kuanika. Ndoo aliiweka chini taratibu, akaifunika vizuri kwa kitambaa, akatazama mashine zinazonguruma kama mtu aliyeingia zizi la wanyama asiowajua.

"Umekula, wifi?"

"Nimekula," Suyin alisema, na hakuwa amekula.

"Sikuja kugombana. Nikae?"

"Kaa, dada."

Alikaa kwenye ncha ya kiti. "Nimekuja kwa ajili ya Mama. Nimeandika, nimeandika, hamjibu. Sawa, mimi nichukieni, nilijitakia mwenyewe. Lakini Mama kawakosea nini?"

"Umeandika?" Suyin aliuliza. Swali lilimtoka kabla hajalipima.

"Aa, wifi, usinifanye mtoto. Mimi si mtu wa shule, lakini biashara yangu ya persimoni naiendesha kwa barua pepe. Nikikosea anwani ya mteja, barua inanirudia palepale, imeandikwa haikufika. Zenu haikurudi hata moja. Barua isiyorudi imefika."

Suyin alizitazama mashine zake.

"Simu Jingtian alinifungia, hilo nalijua. Nikipiga inakatika. Lakini barua mliiacha wazi, basi nikasema moyoni, alaa, wamenibakizia dirisha, hawanipendi lakini hawajanitupa. Nikawa napita hapo hapo dirishani." Akasugua kiganja kwenye goti. "Kila nikimwandikia kwamba Mama amepungua, hali chakula tena, aje Jumapili, namwambia na Mama kuwa barua imefika. Ndipo kosa langu lilipo. Maana Jumapili ikifika Mama ananiambia nimuoshe nywele. Anavaa lile koti lake la buluu. Anakaa kwenye benchi mlangoni. Majirani wakipita wanamtania, 'Bibi, leo harusi ya nani?' Naye anajibu, 'Mwanangu anakuja, barua ameshaipata.' Mpaka jua linakuchwa. Jumapili ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Siku hizi hawamtanii tena, wifi. Wanavuka barabara wanapita upande wa pili, wasimwone."

Mashine ziliendelea kunguruma. Kiukmoi akainamisha kichwa, kisha akauliza jambo ambalo labda ndilo hasa lililompandisha basi.

"Na ile ya kwanza baada ya ugomvi? Ile niliyokuandikia wewe peke yako. Uliisoma?"

Lilikuwa swali jepesi kulijibu. Angesema, "Niliisoma," na mama wa watu angeondoka amejua kuwa ameomba radhi na amenyimwa, ambalo ni jambo linalojulikana duniani na lina dawa zake. Lakini haingekuwa kweli.

*

Mambo yalikuwa hivi. Mwaka uliopita ndugu wawili wale waligombana juu ya mama yao. Jingtian alitaka ahamie nyumba ya wazee mjini, karibu na hospitali. Kiukmoi akasema labda wamtoe akiwa ndani ya jeneza. Katika joto la ugomvi Kiukmoi akamwandikia ndugu yake barua, nakala kwa Suyin, kwamba mawazo hayo ni ya mke wake, mwanamke wa mashine, tumbo kavu, asiyemzalia mama hata mjukuu mmoja na sasa anataka kumtupa mama mwenyewe.

Hakujua. Kwao Sinpu hakuna aliyejua. Suyin aliisoma barua ile akiwa na wiki chache tangu atoke hospitali, mimba ya miezi mitano imemtoka, maziwa bado yanamchuruzika usiku na kulowesha shuka.

Jingtian alimpigia dada yake, akalisema jambo hilo kwa sentensi moja, kwa sauti ya juu, akakata. Kisha akaifunga namba yake. Kisha akaja akasimama nyuma ya kiti cha mkewe.

"Na huko kwenye seva mfungie. Asituandikie tena."

"Nimfungie vipi?" Suyin alimuuliza. "Ziko njia mbili. Barua ikija, seva yake inabisha hodi kwangu, inasema nimeleta ya fulani kwenda kwa fulani. Naweza kuikataa hapo hapo mlangoni. Basi kwao watamwarifu kuwa imekataliwa. Au nasema karibu, nimepokea, halafu naitupa. Hiyo hatajua."

"Itupe."

"Jingtian, sisi tulifundishwa kuwa ukishasema nimepokea, ile barua ni yako. Umeibeba."

"Akijua amekataliwa atalia," Jingtian alisema. "Unamjua dada. Atakaa jikoni alie peke yake. Itupe tu, asijue."

Naye Suyin, ambaye siku zile hakuwa na nguvu hata za kuchana nywele, aliona hilo ni wema. Aliandika mstari mmoja, akabonyeza, yakaisha. Tangu hapo kila barua ya Kiukmoi ilikaribishwa vizuri, ikashukuriwa, ikatupwa.

*

"Sikuisoma," Suyin alisema.

"Hukuifungua?"

"Haikunifikia. Hakuna iliyotufikia, dada, si mimi si Jingtian. Tulikufungia. Seva ilikuwa ikikwambia imepokea, kisha inazitupa. Mimi ndiye niliyeipanga hivyo, kwa mikono yangu."

Kiukmoi hakulia, wala hakupandisha sauti, ingawa ukoo mzima ulimjua kwa sauti yake.

"Kwa hiyo mlinifungia mlango," alisema polepole, kama mtu anayehesabu chenji, "halafu mkaweka mtu nje awe ananiambia karibu, karibu."

"Ndiyo."

"Na mimi nikawa namwambia Mama."

"Ndiyo, dada."

"Ungenikataa tu, wifi. Ungenikataa siku ile ile, ningekuja kwa miguu. Ningekaa hapo getini mpaka mnimwagie maji." Alisimama, akaweka sawa kofia yake. "Mimi kukataliwa nakuweza. Nimeuza persimoni miaka thelathini, nimefungiwa milango mpaka nimeizoea. Ila hili sikulizoea."

Mlangoni aligeuka. "Hiyo ndoo ni yenu. Za mwaka huu, upepo umezikausha vizuri. Mama ndiye aliyezichagua."

Akaenda zake. Suyin alifunua kitambaa. Zilikuwa zimepangwa safu kwa safu, zimebanwa kwa vidole zikawa bapa, na kila moja ilikuwa na unga wake mweupe wa sukari. Alikaa chini akalia hadi simu ya ofisini ilipolia ikakata, ikalia tena ikakata.

*

Jioni alimweleza Jingtian yote, wakiwa wamekaa na mabakuli ya wali ambayo hakuna aliyeyagusa. Alipofika kwenye koti la buluu, Jingtian aliweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Nilitaka asiumie," alisema.

"Hukutaka kumwona akiumia. Hayo ni mambo mawili."

"Na wewe ulikubali."

"Nilikubali. Sisemi ni wewe peke yako."

Jingtian alikuwa mtu mpole, mkubwa wa mwili, anayeweza kufungua injini ya trekta na kuifunga tena bila kubakiza hata nati. Lakini mbele ya machozi ya mtu alikuwa mwoga tangu utotoni. Dada yake alimzidi miaka kumi na miwili. Ndiye aliyembeba mgongoni huku akimenya, na utomvu ulimdondokea kichwani hata nywele zikashikana. Alijua yote hayo. Ndiyo sababu hakuweza kumwambia usoni, "Dada, umeniumiza, kaa mbali kwanza."

"Nitamwambia nini Mama?" aliuliza.

"Sijui. Ila usimwambie ulikuwa na kazi nyingi."

Alicheka kidogo, kwa aibu, maana ndilo neno alilokuwa amelishika tayari.

*

Asubuhi yake Suyin alikwenda kwa mkuu wake, Bwana Zhong, mzee wa kunywa chai kutwa, akamwambia anataka kubadili namna seva inavyowashughulikia watumaji waliofungiwa. Si Kiukmoi peke yake; huyo alishamtoa kwenye kifungo usiku uleule. Ni wote. Karibu kila mwalimu alikuwa na watu wake aliowafungia.

"Mbona tunaishi kwa amani?" Bwana Zhong alisema. "Tunapokea, tunatupa, hakuna kelele. Ukiwakataa mlangoni, matapeli watajua wamegunduliwa."

"Tapeli hasubiri jibu letu, bosi. Ana anwani elfu nyingine. Anayesubiri jibu ni yule tuliyemfungia kwa makosa, au kwa hasira."

"Basi pokea, halafu baadaye uwarudishie na maelezo mazuri, ya adabu."

"Hapana, hiyo ndiyo mbaya zaidi. Matapeli huandika jina la mtu mwingine nyuma ya bahasha. Nikishapokea, halafu nirudishe baadaye, nitamrudishia mtu asiyehusika. Umesahau yule mama muuza maua, aliyerudishiwa barua asizoandika, akaja hapa na mwanasheria?"

Bwana Zhong hakuwa amesahau. Alipuliza chai yake.

"Kukataa ni hapo mlangoni, wakati bado wanabisha," Suyin alisema. "Ukishasema karibu, imekwisha."

"Watapiga simu," mzee alionya. "Watakuja na malalamiko. Utawajibu wewe?"

"Nitawajibu mimi."

Na kweli, kabla ya saa za kazi kuisha, simu ya kwanza ikaingia. Alikuwa mwanafunzi wa zamani. Barua yake kwa profesa fulani imerudi, imeandikwa imekataliwa. Kwani zile nyingine zote alizoandika tangu masika zilikwenda wapi? Suyin alivuta kiti, akamwambia aeleze pole pole, anamsikiliza.

*

Jumapili walipanda basi la asubuhi kwenda Sinpu. Upepo ulikuwa mkali na mkavu, upepo ule unaopasua midomo ya watu na kuyafanya matunda matamu. Kila uwanja ulikuwa umetandazwa trei za mianzi, barabara nzima ikawa ya rangi ya machungwa. Jingtian alitembea nyuma ya mkewe kama mtoto anayepelekwa kwa mwalimu.

Mama yake alikuwa ndani, si mlangoni. Benchi lilikuwa tupu. Kiukmoi aliwaambia kwa sauti ya chini kwamba leo hakutaka kuoshwa nywele. "Nilimwambia mnakuja. Akaniambia, hata wiki ile ulisema hivyo."

Walimkuta amekaa kitandani na fulana yake ya nyumbani, miguu inaning'inia, amekuwa mdogo. Alimtazama mwanawe jinsi mtu anavyotazama nyaraka kuona kama mhuri ni wa kweli.

"Umekula?" aliuliza.

"Bado, Mama."

"Umenenepa, na bado hujala." Akavuta pumzi. "Barua ulizipata?"

Jingtian alimtupia Suyin jicho. Suyin alitazama ukutani. Hapo hakukuwa na wa kumsaidia.

"Sikuzipata, Mama," alisema. "Nilimfungia dada, mimi mwenyewe. Nilimkasirikia, nikashindwa kumwambia, nikaziba masikio. Barua zikaja zikatupwa. Wewe ukakaa nje." Alipiga magoti kwenye sakafu ya saruji, mwili wake wote mkubwa ule, akaweka paji la uso kwenye magoti ya mama yake.

Bibi alimpigapiga mgongoni, kwanza taratibu, kisha kwa nguvu, kama anayekung'uta mkeka.

"Mjinga," alisema. "Mjinga mkubwa. Umenitia aibu kwa jirani zangu." Halafu akamtazama binti yake. "Kiukmoi! Lete koti langu."

"Lipi, Mama?"

"Ninayo mangapi? La buluu. Na uniletee kitana. Watu hawajarudi kutoka sokoni bado."

Wakamvisha. Wakambeba mpaka kwenye benchi, naye akamkalisha Jingtian upande wake wa kulia, upande wa barabara, akamshika mkono wazi wazi juu ya goti. Majirani walipotokea na vikapu vyao, wa kwanza akaanza kuvuka kwenda upande wa pili kama walivyozoea.

"Wewe mke wa Fan!" bibi akaita, kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia tangu kiangazi. "Unakimbilia wapi? Njoo umwone mtu!"

Mke wa Fan akaja, na nyuma yake wengine. Wakamshika Jingtian mashavu, wakamuuliza mshahara wake, wakamwambia amezeeka. Bibi hakumruhusu kuingia ndani kula kuku aliyepikwa na dada yake, akapoa mezani, mpaka barabara nzima ilipokwisha kupita. Ndipo aliposema, "Haya, sasa nina njaa," na siku ile akala bakuli zima la wali na kuomba mchuzi.

*

Mchana Suyin alitoka uani. Kiukmoi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya kilima cha persimoni, anamenya. Ganda lilitoka mkononi mwake utepe mmoja mrefu bila kukatika. Suyin alichukua kisu, akakaa kwenye kigoda cha pili. La kwake lilikatika mara moja.

"Shika kisu, zungusha tunda," Kiukmoi alisema bila kumtazama. "Usizungushe kisu."

Walimenya. Nyuki walizunguka trei.

"Dada," Suyin alisema, "ile barua. Ilisemaje?"

Kiukmoi aliendelea kumenya. "Haipo popote?"

"Haipo. Nimetafuta. Ikitupwa imetupwa."

"Hata mimi sina. Nilizifuta zote juzi nilipotoka kwako, kwa hasira." Alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Ilikuwa nzuri, wifi. Niliiandika siku tatu. Nilitafuta maneno ya kitabuni. Sitaweza kuyapata tena, hata unipe nini."

"Niambie hayo uliyobaki nayo."

Kisu kilisimama. Kiukmoi alifuta mikono kwenye aproni, akaitazama, akaifuta tena, weusi ule usitoke.

"Nilisema sikujua," alisema. "Halafu nikasema kutokujua si kisingizio, maana hata kama mtu hana mtoto na hakupoteza yeyote, bado neno lile si la kumwambia mtu. Nilisema hivyo. Nikasema nikilikumbuka nikiwa nimelala, naamka nakaa." Alichukua tunda, akalirudisha. "Na nilikuwa nakuuliza jambo. Mwishoni. Ndiyo sababu nilisubiri sana jibu."

"Uliza."

"Mtoto yule. Kwenye madhabahu ya wahenga wa ukoo hawezi kuwekwa jina, asiyezaliwa hana nafasi pale, hiyo ni mila, mimi sina nguvu nayo. Lakini nilipata uchungu kwamba hana mtu. Basi kila mwezi mwandamo, na kila mwezi ukijaa, namchomea ubani. Huku nyuma ya jiko, Mama hajui. Nasema, huu ni wa mtoto wa Jingtian na Suyin." Sasa machozi yalimtoka, na aliyaacha. "Ila sikujua kama unamfika. Moshi usio na jina unakwenda kwa nani? Nilitaka kukuuliza kama mlikuwa mmempa jina."

Suyin aliweka kisu chini. Tangu siku ya hospitali hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Daktari hakuuliza, mama yake mwenyewe hakuuliza, na yeye na Jingtian walikuwa wamelikwepa wote wawili, kila mmoja akidhani anamhurumia mwenzake.

"Yulien," alisema. "Alikuwa wa kike."

"Yulien," Kiukmoi alirudia. Alilisema tena, taratibu, kama anayejifunza anwani ili asiikosee. Kisha akasimama, akamshika wifi yake mkono kwa mkono wake unaonata, akampeleka nyuma ya jiko, ingawa haikuwa siku ya mwezi mwandamo wala ya mwezi mpevu. Aliwasha vijiti vitatu vya ubani, akampa Suyin avishike mwenyewe.

"Mwite," alimwambia. "Mwite wewe. Atasikia."